Bledi Rahisi na Bledi Ghali: Bei ya Msumeno Haiishii Dukani

Chama cha ushirika cha maseremala huishi kwa vyombo vyake. Mwanachama huleta ujuzi wa mikono yake, na chama humpatia karakana, umeme, mbao na mashine ambazo peke yake asingeweza kuzinunua. Kati ya mashine hizo, msumeno wa meza ndio unaogusa karibu kila kipande cha mbao kinachotoka karakanani, kiwe ni cha mlango, cha kitanda, cha dawati la shule au cha jeneza. Hata hivyo, inapofika siku ya kununua bledi mpya, yaani lile bamba la duara lenye meno ambalo ndilo hasa hukata ubao, suala hilo mara nyingi humalizwa kwa dakika chache. Bei za maduka matatu huwekwa mezani, iliyo ndogo kuliko zote huchaguliwa, na hati ya malipo hutiwa saini.

Utaratibu wa kulinganisha bei ni mzuri, na umewekwa ili kulinda fedha za wanachama. Lakini bei zinazolinganishwa hapana budi ziwe bei za kitu kimoja. Bledi mbili zenye kipenyo kimoja na idadi moja ya meno zaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa, kama vile jembe la chuma imara na jembe la bati linavyofanana likiwa limetundikwa ukutani. Makala haya yanaeleza tofauti hiyo iko wapi, ni wakati gani bledi ghali huokoa fedha za chama, na ni wakati gani bledi rahisi ndiyo inayofaa kununuliwa. Yanahusu pia hesabu ambayo Bodi na kamati ya manunuzi zapaswa kuifanya kabla ya kutia saini.

JINSI BLEDI INAVYOTENGENEZWA

Zamani bledi zote zilikuwa za chuma kitupu. Meno yake yalichongwa katika bamba lenyewe, yakapindwa moja kulia na moja kushoto ili njia ya mkato iwe pana kidogo kuliko bamba. Bledi za namna hiyo zingali zikitumika. Sifa yake kubwa ni kwamba fundi mwenye tupa na jicho zuri aweza kuzinoa mwenyewe. Kasoro yake ni kwamba hupoteza makali upesi zikikutana na mbao ngumu.

Mwaka 1923 Mjerumani Karl Schröter aliomba hataza ya namna ya kutengeneza kitu kigumu kuliko chuma kwa kuchanganya unga wa kabaidi ya tangsteni na madini ya kobalti, kisha kuuchoma mpaka ushikamane. Miaka michache baadaye kampuni ya Krupp ilianza kukiuza kwa jina la Widia, ambalo ni kifupisho cha maneno ya Kijerumani yenye maana ya “kama almasi”. Bledi nyingi za msumeno wa meza zinazouzwa madukani leo zimetokana na uvumbuzi huo. Bamba ni la chuma cha pua, na juu ya kila jino imebandikwa ncha ndogo ya kabaidi. Ncha hiyo ndiyo inayokata. Bamba kazi yake ni kuibeba na kuizungusha bila kuyumba.

Kasi ya kazi hiyo si ndogo. Bledi ya milimita 250 inayozunguka mara 4,000 kwa dakika hupitisha meno yake kwenye ubao kwa mwendo wa mita 52 hivi kwa sekunde, sawa na zaidi ya kilomita 180 kwa saa. Kila kasoro ya utengenezaji, hata iwe ndogo kama unywele, hudhihirika katika mwendo huo.

MAHALI TOFAUTI YA BEI ILIPO

Tofauti ya kwanza ni kabaidi yenyewe. Punje za unga wake zaweza kuwa kubwa au ndogo sana. Kabaidi ya punje ndogo hupokea makali membamba na huyahifadhi kwa muda mrefu, ilhali ile duni humeguka ukingoni baada ya kazi kidogo.

Tofauti ya pili ni unene wa ncha. Kila bledi inaponolewa, sehemu kidogo ya kabaidi huondolewa. Ncha nene hukubali kunolewa mara nyingi. Ncha nyembamba kama ukucha hukubali mara moja au mbili tu, na pengine haifai kunolewa kabisa. Kwa mwenye kununua kwa fedha za wengine, hili ndilo jambo la kutazamwa kwanza, maana hapo ndipo umri wa bledi ulipo.

Tofauti ya tatu ni mwunganisho kati ya ncha na bamba. Ncha huunganishwa kwa kuyeyushiwa madini yenye mchanganyiko wa fedha. Kazi ikifanywa vizuri, mshono huwa umejaa na hauna matundu. Ikifanywa ovyo, ncha yaweza kung'oka katikati ya kazi na kuruka kama risasi.

Tofauti ya nne ni bamba. Bledi nzuri hunyooshwa na kukazwa kiwandani ili isipinde inapopata joto. Aidha, hukatwa nafasi ndogo ukingoni ili chuma kipate mahali pa kutanukia. Bamba lisilonyooka hupepesuka; hukata njia pana kuliko ilivyokusudiwa, na huacha mistari ubavuni mwa ubao ambayo lazima iondolewe kwa randa.

Tofauti ya tano ni unoaji wa kiwandani. Katika bledi nzuri meno yote huwa na kimo kimoja na pembe moja. Katika bledi ya ovyo, meno machache yaliyozidi kimo ndiyo yanayobeba kazi yote, na mengine hufuata tu kama abiria.

IDADI YA MENO SI KIPIMO CHA UBORA

Wanunuzi wengi hudhani kwamba bledi yenye meno mengi ndiyo bora. Sivyo. Idadi ya meno hufuata kazi. Kwa bledi ya milimita 250, meno 24 hivi hufaa kupasua ubao kwa kufuata urefu wa nyuzi, kwa kuwa nafasi kubwa iliyo kati ya jino na jino hubeba unga wa mbao na kuutoa nje. Meno 60 hadi 80 hufaa kukata kwa kukingama nyuzi, na kwa plaiwudi, maana mkato huwa laini. Bledi ya meno 40 au 50 hufanya kazi zote mbili kwa kiasi, na ndiyo inayofaa karakana yenye mashine moja na kazi za mchanganyiko.

Umbo la jino nalo lina maana. Jino lenye kichwa bapa hupasua kwa nguvu. Meno yaliyochongwa mshazari kwa kupishana, moja huku na moja kule, hukata nyuzi kama kisu na kuacha ukingo safi. Kwa mbao za kiwandani zilizobanwa kwa gundi, hutumika meno ya namna mbili yanayofuatana, moja refu lililokatwa pembe na moja bapa lililo fupi kidogo.

Bledi ghali ya meno 80 ikitumiwa kupasua mbao nene za mkongo itaunguza mbao hizo na kujiunguza yenyewe. Bledi rahisi ya meno 24 iliyo sawa kwa kazi hiyo itaishinda. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, kamati ya manunuzi imwulize fundi mkuu swali moja: je, bledi hii itafanya kazi gani?

MBAO ZETU NA MAKALI YA MSUMENO

Matangazo ya viwanda huzungumzia mbao za nchi zao. Maseremala wa Tanzania hukata mbao nyingine, nazo zina tabia zake.

Mninga ni mti wa heshima kwa seremala. Hukatika vizuri wala hauchoshi msumeno kupita kiasi. Mkongo ni mzito na mgumu zaidi, na huhitaji ncha imara. Mtiki, unaopandwa katika mashamba kama ya Longuza wilayani Muheza, si mgumu sana ukiushika, lakini ndani yake mna silika, yaani madini yale yale yaliyomo katika mchanga. Silika hulambalamba makali, na bledi ya chuma kitupu huwa butu mapema mno. Mvule una hila yake. Mara nyingine ndani ya gogo lake huwa mmejificha jiwe la chokaa lililotengenezwa na mti wenyewe, nalo laweza kuvunja meno ya bledi yoyote, rahisi au ghali. Fundi mzoefu hutazama rangi, kwa kuwa mbao iliyozunguka jiwe hilo huwa nyeusi kuliko sehemu nyingine. Mpingo, unaotumiwa na wachongaji na kutengenezewa zumari za kizungu, ni mgumu kupita yote hiyo, na bila kabaidi kazi yake ni mateso.

Mbao za paina kutoka mashamba ya Sao Hill wilayani Mufindi ni laini, lakini zina utomvu. Utomvu hugandamana ubavuni mwa meno, bledi hupata joto, ubao huungua, na fundi husema msumeno umekwisha. Mara nyingi haujakwisha, umechafuka. Bledi ikiondolewa kwenye mashine, ikalowekwa katika maji ya moto yenye sabuni na kusuguliwa kwa burashi isiyo ya chuma, makali huonekana tena. Kuna bledi zinazotupwa ilhali zilihitaji kuoshwa tu, na hasara hiyo haionekani popote katika vitabu vya chama.

HESABU YA BEI YA KWELI

Methali yasema rahisi ghali. Lakini methali haiwezi kuambatanishwa na hati ya malipo. Bodi inahitaji hesabu, na hesabu yenyewe si ngumu. Hugawanya gharama yote ya bledi, tangu kununuliwa hadi kutupwa, kwa urefu wa mbao iliyokatwa nayo.

Tuchukue mfano. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu. Kila chama kitaweka zake. Bledi ya kwanza inauzwa shilingi 30,000, nayo hukata mita 600 za mbao kabla ya kuwa butu. Haifai kunolewa, hutupwa. Bledi ya pili inauzwa shilingi 150,000. Hukata mita 1,500 kabla ya kuwa butu, na yaweza kunolewa mara 8 kwa shilingi 15,000 kila mara.

Bledi ya kwanza hugharimu shilingi 5,000 kwa kila mita 100 za mkato. Bledi ya pili, ikitumika mpaka mwisho wa umri wake, hukata mita 1,500 mara 9, yaani mita 13,500. Gharama yake ni shilingi 150,000 za kununulia na 120,000 za kunolea, jumla 270,000, ambazo ni shilingi 2,000 kwa kila mita 100. Ili kukata mita hizo 13,500 kwa bledi za kwanza, chama kingenunua bledi 23 kwa shilingi 690,000. Tofauti ni shilingi 420,000.

Hapo wengi wangefunga daftari na kusema bledi ghali imeshinda. Lakini hesabu ina upande wa pili. Ikiwa mahali chama kilipo hakuna mtu awezaye kunoa kabaidi, bledi ya pili itakata mita 1,500 na kisha kutundikwa ukutani. Gharama yake itakuwa shilingi 10,000 kwa kila mita 100, mara mbili ya ile rahisi. Na ikiwa bledi rahisi yenyewe inakubali kunolewa mara moja kwa shilingi 15,000, gharama yake itashuka hadi 3,750 kwa mita 100, na tofauti kati ya mbili hizo itapungua.

Kwa hiyo jambo linaloamua ni mnoaji. Kabaidi hainoleki kwa tupa. Huhitaji mashine yenye gurudumu la almasi, na mtu anayejua kulinda pembe za meno. Chama kisicho na mnoaji karibu kiulize maswali kabla ya kununua bledi ghali. Je, mjini kuna karakana inayonoa kwa mashine? Je, bledi zaweza kupelekwa kwa basi mara moja kwa mwezi, na chama kikawa na bledi mbili zinazopokezana? Je, vyama vitatu au vinne vya wilaya moja vyaweza kuchangia mashine ya kunolea na kumpeleka kijana mmoja kujifunza? Chuo cha Viwanda vya Misitu kilichoko Moshi hufundisha kazi za viwanda vya mbao pamoja na utunzaji wa misumeno. Jambo la namna hiyo ndilo ushirika uliloundiwa: lile linalomshinda mtu mmoja na chama kimoja huwezekana vikiungana.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa katika ankara. Karakana nyingi humlipa seremala kwa kazi aliyomaliza. Msumeno butu ukimchelewesha, chama hakioni hasara yoyote katika leja, kwa kuwa hasara hiyo imebebwa na mwanachama katika posho yake. Anarandaranda ubavu wa mbao ulioungua, anapiga msasa, jua linakuchwa, na kitanda hakijasimama. Bodi inayookoa shilingi chache dukani kwa kumtwisha mwanachama mzigo huo haijaokoa kitu.

UPANA WA MKATO

Kila msumeno unapopita, mbao hugeuka unga. Bledi za kawaida za milimita 250 hukata njia ya milimita 3.2 hivi, na zile nyembamba milimita 2.4 hivi. Tofauti ni chini ya milimita moja, lakini itazamwe katika kazi. Ubao wenye upana wa milimita 300 ukipasuliwa vipande vya milimita 25, bledi ya milimita 3.2 itatoa vipande 10 na mabaki. Bledi ya milimita 2.4 itatoa vipande 11. Kwa mbao ya mninga, kipande kimoja katika kila ubao si kitu cha kufagiwa na unga.

Bledi nyembamba hufaa pia mashine yenye mota ndogo, kwa sababu huondoa mbao chache zaidi kwa kila mzunguko. Lakini bledi nyembamba iliyotengenezwa ovyo hupinda upesi ikipata joto. Ukitaka wembamba, huna budi kulipia bamba zuri.

MASHINE KWANZA

Bledi ya thamani kwenye mashine mbovu ni fedha zilizotupwa. Ikiwa beringi zimelegea na shafti inacheza, bledi bora itayumba sawasawa na duni, na meno yake yatamegeka. Kabla ya kununua, fundi mkuu azime umeme, ashike shafti kwa mkono na kuitikisa. Ikicheza, fedha ziende kwanza kwenye beringi. Kadhalika kingo ya kuongozea ubao iwe sambamba na bledi, isiubane ubao kwa nyuma.

Misumeno mingi ya meza katika karakana zetu imeundwa na mafundi wa hapa nchini kwa vyuma vya kuchomelea, mota, puli na ukanda. Hakuna ubaya. Lakini mizunguko yake hapana budi ihesabiwe. Mota ya mizunguko 1,440 kwa dakika yenye puli ya milimita 200, ikizungusha shafti yenye puli ya milimita 80, huipa bledi mizunguko 3,600. Fundi akibadili puli ya shafti kuwa ya milimita 50, mizunguko hupanda hadi 5,760. Bledi yoyote ya kuaminika huandikwa mizunguko ya juu kabisa inayoruhusiwa, na bledi ikiwa kubwa zaidi, mizunguko hiyo huwa michache zaidi. Kiwango cha Ulaya kiitwacho EN 847-1 hulazimisha maandishi hayo yawepo pamoja na jina la mtengenezaji na vipimo. Bledi isiyoandikwa mizunguko yake isinunuliwe, hata ikiuzwa kwa nusu ya bei.

VIDOLE VYA MAFUNDI

Suala la bledi haliishii kwenye fedha. Msumeno butu hudai nguvu. Fundi huusukuma ubao kwa uzito wa mwili wake, na ubao ukiachia ghafla mikono hufuata. Bledi iliyopata joto na kupinda hubanwa na ubao, kisha meno ya nyuma huuinua ubao na kuurusha kuelekea kifuani mwa fundi.

Kinga yake ni lile bamba dogo la chuma linalosimama nyuma ya bledi ili kuutenganisha ubao uliokatwa. Unene wake uwe mkubwa kuliko wa bamba la bledi, na mdogo kuliko upana wa mkato. Basi chama kikibadili bledi ya milimita 3.2 kwa ile ya milimita 2.4, kitazame na bamba hilo, kwani lile la zamani laweza kuwa nene mno, ubao ukakwama katikati ya kazi. Kifuniko cha juu kisiondolewe, na kijiti cha kusukumia kiwe mezani siku zote. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humtaka mwenye mahali pa kazi awalinde wafanyakazi wake, na katika karakana ya ushirika mwenye mahali ni wanachama wenyewe.

WAKATI BLEDI RAHISI NDIYO INAYOFAA

Isidhaniwe kwamba kila chama kinunue bledi ghali. Mbao kuukuu zilizobomolewa kwenye nyumba zina misumari iliyojificha, na mbao za kumwagia zege hubeba mchanga na saruji kavu. Msumari mmoja huharibu bledi ya shilingi 150,000 kwa wepesi ule ule uharibuo ya shilingi 30,000. Kwa kazi hizo ifungwe bledi rahisi, na pale mbao zinapotiliwa shaka zipitishwe sumaku kwanza. Kadhalika chama kinachokata mbao siku mbili kwa wiki, au kinachofundisha vijana wanaoanza, hakina haja ya kuanzia juu.

Mpango unaofaa karakana nyingi za wastani ni huu: bledi moja nzuri ya meno 40 au 50 kwa kazi za samani, nyingine kama hiyo inayopokezana nayo inapopelekwa kunolewa, na moja rahisi ya meno 24 kwa kazi chafu. Zote zitundikwe kwenye vigingi, kila moja peke yake, zisirundikwe. Kabaidi ni ngumu, lakini ikigongana na kabaidi nyingine humeguka.

KUKAGUA KABLA YA KULIPA

Jina kubwa lililochapwa kwenye bledi halitoshi kuwa ushahidi, kwa sababu majina makubwa ndiyo yanayoigwa. Anayetumwa dukani aende na fundi, nao watazame mambo yafuatayo:

1. Unene wa ncha za kabaidi, kwa kulinganisha bledi mbili kando kwa kando.

2. Mshono kati ya ncha na bamba. Usiwe na tundu wala mahali palipo wazi.

3. Makali ya meno. Yawe yamenolewa laini, bila mikwaruzo mikubwa inayoonekana kwa macho.

4. Unyoofu wa bamba, kwa kuliwekea rula ya chuma pande zote mbili.

5. Tundu la katikati. Likae barabara kwenye shafti. Tundu la milimita 30 kwenye shafti ya inchi moja, yaani milimita 25.4, lahitaji pete maalumu, si kipande cha bati kilichokunjwa.

6. Mizunguko ya juu inayoruhusiwa, ikilinganishwa na ile ya mashine ya chama.

7. Stakabadhi yenye jina la duka na maelezo kamili ya bledi, ili iwapo ina hila irudishwe.

DAFTARI LA MSUMENO NA MUHTASARI WA KIKAO

Tarakimu zilizotumika katika mfano wa juu zitakuwa na manufaa pale tu chama kitakapoweka zake, na zake hazitapatikana bila kuandika. Daftari la kurasa 48 latosha. Kila bledi ipewe namba, ichorwe kwa kalamu ya rangi kwenye bamba. Katika daftari iandikwe tarehe ya kununuliwa, bei, duka, aina ya mbao iliyokatwa, makadirio ya mita kwa siku, tarehe na gharama ya kunolewa, na sababu ya kutupwa. Mtunza ghala aandike, na fundi mkuu aweke saini kila Ijumaa. Kwa miezi sita chama kitakuwa na elimu ambayo hakuna muuza duka awezaye kukipa.

Daftari hilo lina faida nyingine kwa viongozi. Wapo makatibu na mameneja wanaojua kwamba bledi ya bei ndogo ni hasara, lakini huinunua kwa kuogopa kuulizwa na mkaguzi kwa nini bei kubwa imechaguliwa. Hofu hiyo haina msingi iwapo sababu zimeandikwa. Mkaguzi hahoji bei kubwa kwa kuwa ni kubwa. Huhoji bei isiyoelezwa. Kamati ya manunuzi ikipokea bei tatu, iambatanishe ukurasa wa hesabu ya gharama kwa kila mita 100, ieleze ni kazi gani inayokusudiwa na bledi itanolewa wapi. Bodi ijadili, na uamuzi uingizwe katika muhtasari wa kikao. Hati ya malipo yenye viambatanisho hivyo hujitetea yenyewe, hata kama viongozi walioitia saini wamekwisha kuondoka madarakani.

Vyama ambavyo bado havijaanza daftari la namna hii vyaweza kuanza na bledi iliyomo kwenye mashine leo. Ipewe namba 1, ioshwe, itazamwe meno yake, na mita za kesho ziandikwe.